Mgao wa Brussels, 1555

Kwenye kituo cha vijana ninapofanya kazi tuna kabati moja la vitabu. Vingi ni vya msaada, vimetoka mbali, na vingine havina hata jalada. Kimoja ni cha historia ya Ulaya, na ndani yake kuna ramani iliyopakwa njano karibu kila upande: Uhispania, kusini mwa Italia, Austria, Uholanzi na Ubelgiji ya leo. Kijana mmoja wa kikundi changu cha mdahalo akaniuliza, "Kaka, hii njano yote ni nchi gani?" Nikasoma maandishi madogo ya chini, nikamwambia hiyo si nchi moja, ni urithi wa mtu mmoja. Akacheka. "Mtu mmoja? Watoto wake walipigana?"

Swali lake lilinikuta pabaya. Miezi ile ile nyumbani kwetu kulikuwa na maneno ya urithi. Babu aliacha shamba huko Fizi, la mihogo na michikichi, na hakuna hata mmoja wetu aliyelikanyaga tangu tulipokimbia. Baba yangu alifia hapa kambini. Baba mdogo akaanza kusema, "Tuligawe kwenye karatasi tukiwa hai, watoto wasije wakachinjana." Na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma hadi sekondari, nikaambiwa nitafute karatasi na kalamu, niandike atakachosema. Nikawa naahirisha. Leo nina kazi, kesho nina semina. Ukweli ni kwamba niliogopa kuandika.

Basi nikawa nasoma habari za ile njano usiku kwa tochi ya simu. Nimeandika hapa niliyoyapata, pamoja na mdahalo tulioufanya na vijana: ingekuwaje kama ule urithi ungegawanywa kwa njia nyingine? Najua kuna watakaosema sisi wakimbizi tuna shida zetu, wafalme wa Ulaya wa nini. Nawaomba wasome kwanza.

Urithi ulioletwa na misiba

Mtu mwenyewe ni Charles wa Tano, wa ukoo wa Habsburg. Alizaliwa tarehe 24 Februari 1500 katika mji wa Ghent, Ubelgiji ya leo. Kila mmoja wa babu na bibi zake wanne alikuwa na kitu. Bibi mzaa mama, Isabella, alikuwa na Castile. Mume wake Ferdinand alikuwa na Aragon, Sicilia na Napoli. Babu mzaa baba, Maximilian, alikuwa na Austria. Bibi mzaa baba, Mary wa Burgundy, ambaye alikufa zamani mwaka 1482, aliacha zile zilizoitwa Nchi za Chini, kwa sababu ardhi yake imelala karibu sawa na bahari. Ndizo Uholanzi, Ubelgiji na Luxemburg za leo, pamoja na kipande cha kaskazini mwa Ufaransa.

Usidhani kuna mtu aliyekaa akapanga vyote hivyo vimwangukie mtoto mmoja. Ni misiba iliyofuatana. Isabella na Ferdinand walikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Juan, naye akafa 1497. Dada yake mkubwa akafa 1498 akijifungua. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo, Miguel, akafa mwaka 1500 hajatimiza miaka miwili. Ndipo zamu ikamfikia Joanna, mama yake Charles. Mume wa Joanna akafa 1506. Joanna mwenyewe wakasema akili yake si nzima, wakamfungia katika mji wa Tordesillas hadi alipokufa mwaka 1555. Alikuwa malkia kwa jina, na mwanawe akatawala.

Charles akapata Uhispania mwaka 1516 na nchi za Austria mwaka 1519 Maximilian alipokufa. Mwaka huo huo wapiga kura saba wa Ujerumani wakamchagua kuwa kaisari. Alikuwa na miaka 19, na sehemu kubwa ya nchi alizomiliki alikuwa hajaiona.

Ndugu wawili waliolelewa mbali

Hapa ndipo mdahalo wetu ulipochemka. Charles alikuwa na mdogo wake, Ferdinand, aliyezaliwa Uhispania mwaka 1503 na kulelewa huko na babu yake ambaye wanachangia jina. Alizungumza Kihispania, alikula kama Wahispania, watu wa huko walimjua. Charles alikulia Nchi za Chini na lugha yake ilikuwa Kifaransa. Sasa angalia kilichotokea. Mwaka 1517 Charles anafika Uhispania kuchukua kiti. Lugha ya watu haijui, na vyeo vizuri anawapa wageni aliokuja nao. Mwaka 1518 anampandisha mdogo wake meli na kumpeleka Nchi za Chini, maana anaogopa Wahispania watamtaka yule wanayemjua. Mwaka 1520 miji ya Castile ikaasi kweli, na ikachukua zaidi ya mwaka kuituliza.

Baadaye Charles akampa Ferdinand nchi za Austria, kwa mapatano ya 1521 na 1522. Yaani aliyelelewa Uhispania akapelekwa Vienna, na aliyelelewa Nchi za Chini akabaki na Uhispania. Kila mmoja akatawala watu ambao lugha yao ilimbidi ajifunze ukubwani.

Swali la kwanza la vijana likawa hilo: kwa nini kila mtu asingebaki alipokulia? Na jambo hili lilikuwa karibu kutokea. Babu yao, katika wosia wa awali, alimwachia yule mdogo kazi ya kusimamia falme za Uhispania wakati kaka yake yuko mbali. Kabla ya kufa, Januari 1516, akaubadilisha ule wosia. Mabadiliko ya mzee mgonjwa kitandani, basi, na historia ya mabara mawili ikashika njia nyingine.

Milango mitatu iliyofungwa

Lakini kadiri nilivyosoma niliona kwamba kitovu cha mambo yote si Uhispania wala Austria. Ni Nchi za Chini. Zilikuwa majimbo 17, yenye miji mingi, nguo, bandari na masoko. Antwerp ulikuwa mji wa biashara wa kuheshimika Ulaya nzima. Mwaka 1549 Charles aliweka sheria kwamba majimbo yote 17 yarithiwe pamoja, yasikatwekatwe. Hilo lilikuwa wazo zuri. Swali ni nani angeyarithi, na mara tatu jibu lingeweza kuwa tofauti na lile tunalolijua.

Mara ya kwanza ni 1544. Charles alipatana na mfalme wa Ufaransa kwamba mtoto wa mfalme huyo, mtawala wa Orléans, ataoa moja kati ya mabinti wawili: ama binti wa Charles pamoja na Nchi za Chini, ama binti wa Ferdinand pamoja na Milan. Nchi nzima kama mahari, ndugu msomaji. Charles akachagua kutoa Milan. Kisha huyo bwana harusi akafa Septemba 1545 na mpango wote ukafa naye.

Mara ya pili ni 1550 na 1551, huko Augsburg. Ndugu hawa wawili, ambao maisha yao yote walisaidiana, sasa wakagombana. Charles alitaka ukaisari, baada ya Ferdinand, umfikie mwanawe Philip. Ferdinand alikuwa na mwanawe mwenyewe, Maximilian. Walifikia mahali pa kutosemeshana vizuri, mpaka dada yao Mary, aliyekuwa anaongoza Nchi za Chini, akafunga safari kuja kuwapatanisha. Mapatano yakaandikwa Machi 1551: Ferdinand atangulie, kisha Philip, kisha Maximilian. Hayakutekelezwa kamwe.

Mara ya tatu inaniuma zaidi. Mwaka 1554 Philip alimwoa Mary Tudor, malkia wa Uingereza. Mkataba wa ndoa ulisema mtoto wao atarithi Uingereza pamoja na Nchi za Chini. Uhispania ingebaki kwa Carlos, mtoto wa Philip wa mke wa kwanza. Mwaka huo huo malkia akaamini ana mimba. Majira ya kuchipua ya 1555 watu wakangoja. Miezi ikapita, kitanda cha mtoto kikabaki kitupu, na kufikia kiangazi kila mtu akajua hakuna mtoto. Malkia akafa 1558 bila mrithi.

Siku yenyewe

Charles alichoka mapema. Alikuwa mgonjwa wa jongo. Mwaka 1552 waasi wa Kijerumani walimkimbiza Innsbruck, akavuka milima usiku akiwa amebebwa. Ninaposoma hapo namwonea huruma kidogo, maana kubebwa usiku kupita milimani hata sisi tunakujua.

Tarehe 25 Oktoba 1555, katika jumba la Coudenberg mjini Brussels, aliwaita wawakilishi wa majimbo. Aliingia akiegemea fimbo upande mmoja, na upande wa pili bega la kijana wa miaka 22, William wa Orange. Akavaa miwani, akasoma kwenye karatasi. Akahesabu safari zake: Ujerumani mara 9, Uhispania 6, Italia 7, Nchi za Chini 10, Ufaransa 4, Uingereza 2, Afrika 2. Hiyo Afrika ni Tunis na Algiers, alikokwenda kupigana. Akaomba msamaha kwa aliowakosea. Watu ukumbini wakalia.

Kisha akamkabidhi Philip Nchi za Chini. Philip alisema maneno machache tu kwa Kifaransa, akaomba radhi kwamba lugha hiyo haiwezi vizuri, na Askofu wa Arras akasimama kusema kwa niaba yake. Miezi michache baadaye, Januari 1556, Philip akapokea Uhispania. Ukaisari ukaenda kwa Ferdinand. Mgao ukawa umekwisha: Vienna upande huu, Uhispania na Nchi za Chini upande ule.

Wale wawakilishi walikuwemo ukumbini, hilo ni kweli. Lakini waliitwa kusikiliza.

Watu waliofunga mizigo

Philip aliondoka Nchi za Chini mwaka 1559 na hakurudi tena. Alitawala kwa barua kutoka Uhispania. Dini mpya za Kiprotestanti zilikuwa zinaenea, na yeye hakutaka kusikia habari ya kulegeza. Mwaka 1566 watu wakavamia makanisa wakavunja sanamu. Mwaka 1567 Philip akamtuma mtawala wa Alba na jeshi la kama watu 10,000 kutoka Italia. Ikaundwa mahakama maalumu, na zaidi ya watu 1,000 wakauawa kwa hukumu zake. Juni 1568, katika uwanja wa Brussels, wakakatwa vichwa mabwana wakubwa wawili, Egmont na Hoorn, ambao walikuwa Wakatoliki na walimtumikia mfalme. Na yule kijana wa bega, William wa Orange? Yeye ndiye akawa kiongozi wa waasi. Vita vile vilikwisha mwaka 1648. Miaka 80.

Sasa nawaambia kwa nini nimeandika haya kwenye jarida hili. Makumi ya maelfu ya watu walikimbia. Wafumaji wa nguo, wachapaji, wafanyabiashara, mafundi, wajane. Walikwenda Emden na Wesel upande wa Ujerumani, walivuka bahari kwenda London, Sandwich na Norwich. Norwich ndiyo iliyonishangaza. Mji ule ulikuwa umedorora, biashara ya nguo imelala, na mwaka 1565 viongozi wake wakaomba ruhusa kuwapokea mabwana wa kaya 30 wanaojua ufumaji. Baada ya miaka kama 15 wageni walikuwa kama 6,000, karibu theluthi moja ya mji. Wenyeji wengine waliwalalamikia kwamba wanachukua kazi na nyumba. Wengine walitajirika kwa sababu yao. Ndugu zangu, si mnaijua hiyo hadithi?

Mwaka 1571 wakimbizi wakakutana Emden, mji wa ugenini, wakapanga muundo wa kanisa lao lote, hata la wale waliobaki nyumbani. Hawakungoja kurudi ndipo wapange. Mwaka 1585 Antwerp ukaanguka mikononi mwa jeshi la Uhispania, na Waprotestanti wakapewa miaka minne wauze mali wahame au wabadili dini. Mji uliokuwa na watu kama 80,000 ukabaki na kama nusu. Wengi walikwenda kaskazini, na Amsterdam, uliokuwa na watu kama 30,000, mwaka 1622 ukawa na zaidi ya 100,000.

Nawaeleza haya hasa nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, mnaotuandika kwenye fomu. Watu hao wa Antwerp kwenye fomu wangekuwa "ukubwa wa kaya: 5". Huko walikofika walijenga mji.

Ingekuwaje basi

Turudi kwenye swali. Siku ya mdahalo upande mmoja ulitetea hoja kwamba, kama Nchi za Chini zingekwenda kwa tawi la Vienna badala ya Uhispania, vita vya miaka 80 visingekuwepo. Walikuwa na sababu nzuri tatu.

Ya kwanza ni dini. Tarehe 25 Septemba 1555, mwezi mmoja kamili kabla ya siku ya Brussels, Ferdinand alikuwa amefunga mapatano ya Augsburg yaliyoruhusu watawala wa Ujerumani kuchagua kati ya Ukatoliki na Ulutheri. Hakuyapenda, lakini alijua huwezi kuua kila mtu. Mwanawe Maximilian baadaye aliwaruhusu mabwana wa Austria kusali Kilutheri. Ya pili ni umbali. Mtawala wa tawi lile angeweza kumweka mmoja wa watoto wake akae Brussels, na watoto walikuwa wengi.

Ya tatu ndiyo iliyonigusa, na aliyeitoa ni binti wa miaka 17 ambaye kwa kawaida hasemi sana. Alisema hivi: jeshi la Alba lililipwa na nani? Mwaka 1545 iligunduliwa fedha ya Potosí, katika Bolivia ya leo, na wenyeji wakalazimishwa kuingia mashimoni kuichimba. Mfalme mwenye mgodi mbali anaweza kutuma jeshi kwa watu wasiomtaka, na kulilipa, au walau kukopa kwa jina la ule mgodi. Mtawala asiye na mgodi hela zote inabidi awaombe wenye mji, na wenye mji wakikataa, inabidi mkae mzungumze. Ukumbi ulikaa kimya. Hapa kila mtu ana ndugu aliyepita kwenye machimbo, au aliyekimbia kwa sababu ya machimbo.

Upande wa pili nao haukulala. Walisema msimsafishe Charles mwenyewe, wala tawi la Vienna. Waprotestanti wa kwanza wawili wa Nchi za Chini walichomwa moto Brussels mwaka 1523, Charles akiwa mtawala wao, tena mzaliwa wa huko. Lugha yao aliijua, na bado aliwachoma. Amri zake za 1550 dhidi ya wazushi zilikuwa kali kuliko zote. Tena Ferdinand alikuwa na Waturuki mlangoni. Mwaka 1529 walikuwa wameizingira Vienna yenyewe. Nani angelinda Brussels dhidi ya Ufaransa? Charles hakuwa mjinga, aliziunganisha Nchi za Chini na Uhispania kwa sababu alitaka mlinzi mwenye nguvu. Na mkitaka kujua tawi la Vienna lilivyokuwa, someni habari za Prague mwaka 1618. Vita vya miaka 30 vilianzia kwa watu wao, na baada ya 1620 Waprotestanti wa Bohemia wakafunga mizigo kama wale wa Antwerp.

Nilikuwa mwamuzi, na sikujua nimpe nani ushindi. Nikawapa sare, wakanizomea.

Nikiulizwa leo, nitasema hivi. Naamini vita visingekuwa virefu kiasi kile, kwa sababu ya hoja ya yule binti. Watu wangeteswa, ndiyo, lakini mtesaji angeishiwa hela mapema akarudi mezani. Sidhani kama kungekuwa na amani. Mgao wa 1555 na migao mingine yote mitatu iliyokaribia kutokea inafanana kwa jambo moja. Kila mara familia moja ilikaa chumbani ikahesabu mabinti, mimba na vifo, na watu waliokuwa wanalima ile ardhi na kufuma zile nguo wakapewa habari baadaye.

Mnyororo mrefu

Mdahalo ulipokwisha, yule kijana wa swali la ramani akanyoosha mkono. "Kaka, ngoja. Kaskazini ilijitoa ikawa Uholanzi. Kusini ikabaki kwa akina Habsburg. Hiyo kusini ndiyo Ubelgiji?" Nikamwambia ndiyo, kwa sehemu kubwa mpaka kati ya nchi hizo mbili ulichorwa na vita vile, na Ubelgiji ikawa nchi inayojitegemea mwaka 1830. "Kwa hiyo wasingegawana vile, Ubelgiji isingekuwepo. Na Leopold asingekuwa mfalme wake. Na Kongo..." Hakumaliza, kelele zikajaa. Mwingine akapiga kelele, "Kumbe saa hizi tungekuwa nyumbani tunakula mihogo yetu!" Tukacheka sana, kicheko kile cha watu wasiojua kama wacheke.

Nikawaambia mnyororo huo ni mrefu mno, una pete nyingi ambazo zingeweza kukatika. Leopold asingekuja, pengine angekuja mwingine. Ureno ilikuwa inadai mlango wa Mto Kongo, Wafaransa walikuwa ng'ambo ya mto, na pembe za ndovu na mpira zilikuwa pale pale. Lakini kuna jambo moja ambalo halihitaji "kama". Mwaka 1889 Leopold wa Pili aliandika wosia kwamba akifa, Kongo iwe ya Ubelgiji. Nchi nzima, na watu wake, kwenye wosia kama nyumba na vyombo. Mwaka 1908 Ubelgiji ikaichukua kabla hajafa. Jumba la kifalme la Brussels leo liko karibu na pale lilipokuwa jumba la Coudenberg, ambalo liliungua mwaka 1731. Sisi pia tumewahi kurithishwa kutoka kilima kile.

Hakuna aliyecheka tena. Tukakusanya viti, maana saa ya kufunga ilikuwa imefika.

Karatasi yetu

Jioni ile nilimwendea baba mdogo, nikamwambia nitaandika, lakini si kabla shangazi hajaitwa. Akakunja uso. Kwake yeye shangazi ameolewa, shamba halimhusu. Nikamwambia, "Baba, mimi sijawahi kuliona hilo shamba. Nikiandika mpaka, nauandika kwa macho ya nani?" Alinyamaza muda mrefu. Sijui kama alikubali au alichoka tu.

Shangazi alikuja Jumamosi. Alikuwa binti mkubwa wa babu, na ndiye aliyepalilia pale kuliko kaka zake wote. Alitaja mpaka kwa miti: mwembe wa upande wa mto, mchikichi uliopigwa radi, jiwe la kunolea panga. Mimi naandika. Halafu akauliza swali ambalo mimi na baba mdogo, na mdahalo wangu wote, hatukuwa tumeliuliza: "Na sasa hivi nani analima pale?"

Baba mdogo akasema, wapo watu. Familia iliyokimbia kutoka milimani, walipokuta nyumba tupu wakaingia. Nao ni wakimbizi, ila hawakuvuka ziwa. Shangazi akauliza wana watoto wangapi. Hakuna aliyejua. Basi karatasi yenyewe hatujaigawa. Ina majina ya watoto wote wa babu, wa kiume na wa kike, walio hai na waliokufa. Ina mipaka kama shangazi alivyoitaja. Chini kabisa niliacha mstari mtupu kwa ajili ya hao wanaolima, na tunatafuta namba ya simu ya mtu atakayewafikia.

Shangazi ametia dole gumba. Mimi nimesaini kwa niaba ya baba yangu. Baba mdogo alisema atafikiri, na kila nikipita kwake ananiuliza kama ile karatasi bado ninayo. Ninayo. Iko kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mgao, ili mvua isiifikie.